Shukrani za Mbele ya Watu

Missouri City, 12 Novemba 2024

Chepngetich mwanangu,

Hujambo? Baridi ya Dallas imeshakufikia huko Carrollton? Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua kila nikimaliza kuwageuza wazee vitandani kule kazini.

Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, hiyo imefika. Kanisa zima linajua unakuja. Nimewaambia utasimama kama kila mwaka, uwasimulie jinsi shangazi alivyokutoa kwetu Kapsabet, akakuleta huku, akakusomesha uuguzi. Wanapenda sana, wengine hulia. Mimi nitapika nyama ya mbuzi, na Yasinta, yule jirani yangu Mtanzania, ataleta pilau. Njoo mapema.

Shangazi yako,
Jepchirchir

Carrollton, 20 Novemba

Shangazi mpendwa,

Pole na magoti. Unayapaka yale mafuta niliyokutumia? Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Shangazi, sijui niseme vipi. Wamenipanga kazini siku hiyo ya Thanksgiving, mchana kutwa. Nimejaribu kubadilishana shifti na wenzangu, imeshindikana. Naumia sana. Niombee radhi kwa wageni.

Mwanao,
Chepngetich

Missouri City, 30 Novemba

Mwanangu,

U mzima? Nimekupigia simu, naambiwa imezimwa.

Niliwaambia wageni tule Ijumaa badala ya Alhamisi. Nikasema, mtoto hawezi kushinda na wagonjwa sikukuu nzima bila chakula cha nyumbani. Alhamisi asubuhi nikafunga nyama na chapati, Yasinta akashika usukani, tukaja mwendo wa saa nne hadi hospitalini kwenu.

Nilimkuta muuguzi mmoja, Brandon. Akanitazama kwa huruma. “Mama, Chep yuko ofu hadi Jumatatu. Ameenda na marafiki baharini, Galveston.”

Nikacheka. Nikamwambia, “Uzee huu! Nimekosea siku.”

Chakula niliwaachia wao. Walikula wamesimama, maskini, huku kengele za wagonjwa zikiwaita. Yasinta akashika usukani tena, tukarudi nyumbani.

Unijulishe tu kama ulirudi salama.

Shangazi yako

Carrollton, 2 Desemba

Shangazi,

Hata kukujulia hali naona aibu. Nilirudi salama. Nilikudanganya.

Asubuhi ile nilipita Houston, karibu kabisa na kwako, nikielekea Galveston. Pengine tulipishana barabarani, ninyi mkiniletea chakula. Leo Brandon ameniambia, “Shangazi yako anakupenda kweli,” nikaenda kujifungia stoo ya shuka nikalia.

Sikukukimbia wewe. Nilikimbia kule kusimama. Kila mwaka nasimulia ulivyonisaidia, watu wanapiga makofi, nami najiona bado ni yule msichana aliyeshuka kwenye ndege hana hata koti. Nashukuru, Shangazi, Mungu anajua. Lakini kushukuru mbele ya watu kumenichosha, na nikaogopa kwamba nikikwambia hivyo utaniona sina shukrani. Ndipo nikasema uongo, ambao ni mbaya zaidi.

Nisamehe.

Mwanao

Missouri City, 19 Desemba

Mwanangu Chepngetich,

Natumai u mzima na unakula. Usidhani nilinyamaza kwa hasira. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Uliniumiza, sitakuficha. Lakini nimejiuliza, yale makofi yalikuwa ya nani? Yalikuwa yangu. Nilikuwa nakusimamisha wewe ili nipigiwe mimi. Nisamehe nami.

Kuna jambo sijawahi kulisema kanisani wala popote. Kabla hujaja, nilikaa nchi hii miaka mingi nikirudi kwenye nyumba yenye giza. Wiki uliyofika, nilitoka kazini nikakuta taa ya jikoni imewashwa, na wewe unapitapita dirishani na mwiko mkononi. Nikashindwa kushuka. Nililia ndani ya gari mpaka ukatoka kuniuliza kama limeharibika, nami nikakujibu ndiyo.

Halikuwa limeharibika, mwanangu. Asante kwa kuja.

Shangazi yako,
Jepchirchir