Nyoka Aliyekuja na Marumaru

Mbamba Bay

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo Dada. Goti lako linaendeleaje, na ule mkorosho wa nyuma ya nyumba umezaa? Mimi nadunda, ila mkono wa kulia bado umekakamaa, ndiyo maana mwandiko umelala kama mpunga uliopigwa na mvua.

Huku nasifika kwa nyoka. Dukani kwa tajiri wangu, Bwana Salumu, wote wanajua koboko wa kwetu Kilwa alivyonipisha njia na kuinamisha kichwa. Sasa juzi tunashusha marumaru za sakafu zilizotoka China. Nabandua ubao wa kreti, nakuta nyoka mweusi, pete nyeupe mwili mzima. Makuli wenzangu wakakimbilia barabarani. Mimi nikamdaka shingoni.

"Nyoka gani huyo, Mjomba?" akauliza Komba, kuli mwenzangu.

"Wa kawaida. Kwetu watoto wanamchezea."

Ndipo nikamtazama vizuri. Dada, nyoka yule sijamwona tangu nizaliwe. Akanizunguka mkono hadi kiwikoni. Mmatengo mmoja akamtaja kwa jina la kwao, Mnyasa kwa la kwao, mama muuza dagaa akasema ni wa ziwani, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Komba akampiga picha, akamtumia afisa wanyamapori. Jibu likaja, Bwana Salumu akalisoma kwa sauti: nyoka wa Asia, sumu yake inaua, dawa yake hospitali zetu hazina, aliyemshika asimwachie mpaka nifike.

Nikazidi kumkaza shingo.

"Si watoto wanamchezea?" Komba akauliza, yuko ng'ambo ya barabara.

"Nyamaza, lete ndoo."

Ndoo ikaja, lakini mkia umenikaza na hakuna aliyethubutu kuufungua. Nikasimama pale, jasho linaingia machoni, siwezi hata kujifuta, mpaka afisa akafika kutoka Mbinga. Akaufungua mkia kwa fimbo yake, akambana kichwa, akaniambia nimwachie. Vidole vyangu vikagoma kufunguka. Komba akavikunjua kimoja kimoja, ndipo nyoka akaingia ndooni.

Msalimie shemeji, na Fatuma wako mwambie mjomba ni mzima. Mjini hapa sasa naitwa Mzee wa Nyoka, na mimi naitika. Wewe peke yako nakwambia: nikiwa nimesimama pale nilimwita Mama, kwa sauti, mbele za watu, kana kwamba hatukumzika. Ukipita kaburini kwake, mwombee dua na kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mfaume