Udongo Nilioleta Kutoka Kinshasa

Beni, tarehe 19 Septemba 2021

Yaya Orpa, dada yangu mkubwa mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na shemeji na watoto wote hapo Butembo. Mimi mwili wangu ni mzima. Je, Christa ametolewa plasta mguuni? Maharagi mmepanda kabla ya mvua? Na mama, tangu mlipomtoa hospitali, anameza hata uji? Nauliza mengi kwa sababu kwenye simu siwezi kusema kitu: kila nikipiga ni mama anayepokea, naye huweka sauti juu ili nyumba nzima isikie. Ndiyo maana nimempa Victoire, yule wa kwaya, barua hii aiweke mkononi mwako tu. Isome ukiwa peke yako.

Hapa Beni tunaishi vilevile. Tangu état de siège, jeshi lilipochukua utawala, biro yetu imepata mkubwa mpya, mwanajeshi aliyetumwa kutoka Kasai, bwana Mukendi. Si mtu mbaya. Ananiita secrétaire wa bafu, karani wa wafu, kwa sababu mimi ndiye ninayeandika vifo katika daftari kubwa, na kuna wiki ambazo watu wanapanga mstari mbele yangu tangu asubuhi. Juzi aliniuliza kwa nini naweka kalamu chini katikati ya jina. Nilimjibu ni baridi. Akasema hajawahi kuona baridi Beni, labda niliileta mwenyewe kutoka Butembo.

Karatasi yako niliipokea. Umesema mama ameomba, siku yake ikifika, alazwe kwenye migomba yetu, pembeni kabisa ya udongo wa mdogo wetu Gamaliel, ili mkono wake umfikie mtoto. Umesema mjomba Sikuli atatengeneza msalaba wa simenti wa mdogo wetu kabla mvua haijazidi, na kwamba mimi, karani mwenye mwandiko mzuri, niandike jina na tarehe, fundi avifuatishe. Ni kazi ya mistari miwili. Nimeianza mara tano, na mara tano nimeichana.

Nirudi nyuma kidogo. Gamaliel alipokufa na corona Kinshasa mwaka jana, mwezi wa sita, ndege zilikuwa zimefungwa na watu wa hospitali walimzika bila mtu wetu hata mmoja. Mama akakataa kumaliza kilio. Hakunyoa nywele, hakurudi kwaya, alisema mtoto wake angali nje, kwenye nchi ya watu. Nyumbani kwetu mtu hazikwi mbali na migomba ya baba zake. Mwili usipoweza kuja, unakuja udongo wa kaburi. Hata mchungaji Ésaïe alikubali. Mwezi wa tatu mkanituma mimi, kwa sababu nilisoma Kinshasa miaka minne na ninaijua. Kazini niliogopa kuandika neno corona kwenye barua ya kuomba congé ya mapumziko, nikaandika kwamba nakwenda kutalii. Walicheka siku nzima, eti Jephté amekuwa mzungu.

Kinshasa niliyoijua sikuikuta. Uwanja wa ndege walinipima joto kwenye paji la uso, nami nikatafuta ndoo ya kunawa bila kuambiwa, kama wakati wa Ebola, tulipokuwa tunapimwa kwenye kila barrière ya barabarani. Mwenye taksi, aliposikia Lingala yangu, aliniuliza kama sisi Waswahili wa Est, wa mashariki, tumewaletea Ebola kwenye sakoshi za mkononi au tumekuja kuwanyang'anya corona yao. Mwenyewe cache-nez, barakoa yake, aliivaa kidevuni, kwa ajili ya polisi. Akasema corona ni ugonjwa wa wakubwa wa mtaa wa Gombe, watu kama sisi tunakufa na mambo mengine. Nilicheka pamoja naye. Gamaliel hakuwa mtu wa Gombe.

Kesho yake nilikwenda makaburini. Hilo nitalisema baadaye. Siku zilizofuata nilikuwa mtalii kweli. Nilikwenda Kinsuka kutazama mto unavyopasuka juu ya mawe. Nilipanda kilima cha chuo, nikakuta dirisha la chumba changu cha zamani limezibwa kwa kartoni. Nilisimama chini ya mnara wa Limete, nikamwomba mtu nisiyemjua anipige picha, naye akaishika simu yangu kwa ncha za vidole. Zile picha mlipitishiana mkafurahi. Mama peke yake aliuliza kwa nini hakuna ya kaburi, nikamjibu kwamba wamekataza.

Halafu unajua siku niliyofika na kopo lile la maziwa limefungwa kitambaa. Mjomba alichimba karibu na baba, mchungaji akasoma, mama akaketi chini akamimina udongo kwa mkono wake, akasema, "Leo mutoto yangu amefika kwetu." Kesho yake akanyoa nywele. Jumapili akaimba.

Yaya, udongo ule si wa Gamaliel.

Nilifika mpaka kwenye geti la makaburi, karatasi ya hospitali yenye namba yake mkononi. Ndani niliona watu wanne wenye mavazi meupe wanashusha sanduku na kunyunyiza dawa ya chlore. Harufu ile unaijua. Miguu yangu ilikataa. Mlinzi, mzee aliyewahi kuwa askari huku kwetu, alinisemesha Kiswahili na kicheko: "Ingia tu, ndugu, bafu habaumake mutu, habana meno." Aliitazama namba akasema safu hiyo iko karibu, dakika kumi kwa mguu. Nilimwambia nitarudi kesho. Kila asubuhi nilivaa viatu ili niende, na kila asubuhi nilikwenda kupiga picha mahali pengine. Siku ya mwisho nilichota udongo kwa kijiko kwenye bustani ya nyumba ya wageni, chini ya maua. Nilitoa mizizi mmoja mmoja isionekane.

Nilijidanganya kwamba nitarudi kuusahihisha. Lakini mzee yule alinionya siku ileile kwamba vijiti vya namba havivuki mvua, maji yanavibeba na wengine wanazikwa juu. Mvua ile imekwisha tangu mwezi wa tano.

Ukimwambia mama, atakufa akijua mtoto wake yuko nje, na kwamba mimi nilisimama dakika kumi kutoka kwake nikageuka. Usipomwambia, utamlaza pembeni ya udongo wa maua, na utaimba wimbo wa kumsindikiza ukiwa unajua. Nimekutwika hilo kwa sababu siwezi tena kulibeba peke yangu, na najua huo ni ubaya wa pili. Jina na tarehe nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Mjomba avitumie au avichome, utasema wewe. Nitakuja siku utakayoniita, hata kama ni ya kunifukuza.

Msalimie shemeji, mjomba Sikuli, Christa na wadogo zake. Kwa mama usifikishe salamu zangu. Atakuuliza barua inasema nini, nawe hujawahi kujua kumdanganya. Katika nyumba yetu ni mimi tu niliyejua kudanganya.

Mdogo wako,
Jephté