Nilimchora Jirani Yangu na Shimizi, Sasa Harusi ya Mwanawe Inanipita

Bibi Esta mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako haraka, maana nimeharibu, na kila ninapojaribu kutengeneza naharibu zaidi, na harusi yenyewe ni mara tu baada ya Idi, yaani mwezi ukiandama watu wanaanza kuchagua mchele, na mimi mpaka leo sijui kama nitakuwa jikoni pamoja na wenzangu au nitakuwa nimekaa kwangu nasikiliza vigelegele kupitia dirishani.

Mimi ni Mngoni wa Songea, mume wangu anafanya kazi bandarini upande wa ofisi na mimi nachapa barua katika ofisi moja ya serikali hapa Mtwara, tunakaa Chuno, na majina yote humu nimeyabadilisha. Jirani yangu tumwite Mama Nuru, ni Myao, na siku tuliyohamia, nilipomwambia kwetu ni Songea, alitua ndoo yake chini akasema, "Alhamdulillahi, Mungu kaniletea mateka wangu mpaka mlangoni," nami nikamjibu kwamba babu zangu walimsahau huku kwa bahati mbaya na mimi ndiye niliyetumwa kuja kumchukua, na tangu siku hiyo tukawa watani na marafiki, akileta muhogo wa kuchemsha na samaki anasema ni posho ya mateka, mimi nikimpelekea maharage ya kwetu namwambia ale apate nguvu ya kunibebea mizigo, hata akiumwa mtoto usiulize ni wa nani, tunakwenda hospitali wote wawili.

Sasa Bibi, mimi nina jambo ninalolipenda ambalo watu wazima wengi hawanielewi. Ofisi yetu ilipouza kompyuta zake za zamani nilinunua moja, na tangu umeme huu wa gesi ya Mnazi Bay ulipoanza kutulia, jioni nikishaosha vyombo nakaa nachora wanasesere wa karatasi. Unamchora mtu amesimama, mikono imeachana kidogo na mwili, halafu kwenye ukurasa wa pili unamchorea nguo zake, kila nguo ina vimasikio mabegani na kiunoni, unaprinti kwenye karatasi ngumu, mtoto anakata kwa mkasi, anakunja vimasikio nyuma, basi anamvalisha na kumvua apendavyo. Watoto wa mtaani wanawaita kina Dada Karatasi. Mwanzoni walikuwa wanakata hata vimasikio wakidhani nimekosea kuchora, wakawa wanabandika nguo kwa uji wa muhogo, mpaka Dada Karatasi mmoja akaliwa na sisimizi akabaki kichwa, lakini sasa wameshajua, na mimi nikiwaona wamekaa barazani wanambadilisha mtu wa karatasi nguo kwa ajili ya kwenda kliniki nasikia raha ambayo siwezi kukueleza.

Nuru alipochumbiwa nikasema hapa ndipo pa kumpa mtani wangu zawadi. Watoto siku ya harusi wanasumbua sana jikoni, nikawaza nichore wanawake wote wa shughuli, kila mmoja na sare yake, watoto wakate wacheze. Nikaanza na Mama Nuru kwa kuwa ndiye mama wa bibi harusi. Nikamchora vizuri, Bibi, mwanya wake, kidoa chake cha kidevuni, mkono kiunoni kama anavyosimama akimsubiri muuza samaki ashushe bei. Na kwa kuwa mwanasesere lazima awe na kitu chepesi ili nguo nyingine zikae juu, nikamvalisha shimizi jeupe lenye lesi. Ukurasa wa pili nikaweka sare ya harusi, baibui lake, ushungi wa njano, kitenge cha kupikia, hata mwiko wenye kimasikio chake.

Printa yangu ilikuwa imeishiwa wino, nikaweka kazi kwenye flashi nikaenda steshenari ya sokoni kwa kijana mmoja, tumwite Kassimu. Ukurasa wa kwanza ukatoka unang'aa. Wa pili ukatoka na mistari, akasema, "Mama, wino umekata, mwingine unakuja na basi la Dar, niachie tu." Nikamwachia. Basi yeye, kwa kuona ile kazi ni nzuri, akaipitisha ile karatasi ya kwanza kwenye mashine ya plastiki, akaibandika kwenye kioo cha duka, chini yake akaandika PICHA ZA RANGI TUNATOA HAPA.

Na mtu wa kwanza wa nyumba ile kupita pale akawa shemeji yake Mama Nuru, mzee Hassani, aliyekwenda kutoa kopi za kadi za harusi. Nimeambiwa alisimama nje ya kile kioo kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Kisha akaingia.

"Huyu ni nani?"

"Mwanasesere huyo, mzee."

"Mwanasesere ana mwanya wa shemeji yangu?"

Akabandua, akajaribu kuchana, plastiki haichaniki, akajaribu kukunja, haikunjiki, mwishowe akaitia kwenye mfuko wa kanzu, na kwa kuwa mfuko ni mfupi akapita mtaa mzima na shemeji yake amechungulia nje kuanzia kifuani kwenda juu.

Niliposikia nikakimbia kwa Mama Nuru. Alikuwa anamenya muhogo. Nami, Bibi, sijui nani alinituma, nikaingia nikicheka, nikasema, "Mtani wangu, si utani tu jamani!" Nikacheka peke yangu. Yeye akamaliza muhogo ule, akachukua mwingine, akasema, "Utani wetu ni wa mdomo kwa mdomo. Huu umenitania na soko zima." Halafu akasema, "Haya, jirani." Bibi, tangu nimjue hajawahi kuniita jirani.

Juzi wamegawa doti za sare, za kijani zenye maua meupe. Nimeziona zinapita mlangoni kwangu kwenda kwa wengine. Nimemwandikia ujumbe mrefu kwenye simu nikimweleza kwa nini mwanasesere lazima avae shimizi, akajibu "Sawa." Mume wangu anasema, "Si nilikwambia uchore samaki?" Nimewaza niichome ile flashi na nisichore tena. Halafu nimewaza, au nimpelekee Kassimu ukurasa wa pili aubandike pale pale kwenye kioo, watu waone kwamba ana nguo? Nifanye lipi? Naogopa harusi itapita na mimi nitakuwa nimempoteza mtani wangu kwa ajili ya karatasi.

Mimi Mateka Asiye na Sare, Chuno

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza nikuambie ukweli: nilipofika kwenye mfuko wa mzee Hassani nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha nikaiokota, nikakumbuka kwamba aliyekuwa mfukoni ni mama wa watu mwenye harusi ya binti yake, nikaacha kucheka. Nawe nataka ufuate njia hiyo hiyo. Umecheka, sasa acha. Na kuhusu majina uliyobadilisha, usijidanganye. Chuno nzima imeshajua ni wewe tangu kwenye sisimizi.

Tuanze na lile unalolilaumu bure, yaani michoro yako. Usichome flashi. Nilifundisha Sayansi Kimu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na somo la kwanza la ushonaji nililitoa kwa karatasi. Wasichana walimkata mtu kwenye gazeti kuukuu, wakamkatia gauni kwenye gazeti jingine, wakaona wenyewe kwa nini bega likikatwa vibaya nguo yote inaning'inia. Hicho ndicho unachokifanya wewe, ila wewe una kompyuta na rangi. Mtoto wa Chuno anayejua kukunja kimasikio asikikate ameshajifunza jambo ambalo fundi wangu wa nguo mpaka leo hajalijua. Hobi yako ni njema, na mume wako mwambie samaki hana mabega.

Lakini sikiliza jambo la kazi yenyewe. Unasema mwanasesere lazima avae shimizi. Lazima kwa nani? Fundi mwenye adabu humpima mteja akiwa amevaa nguo zake, na bado nguo inamkaa. Mtu wa kubuni, asiye na sura ya yeyote, mvalishe shimizi upendavyo. Siku ulipompa mwanya na kidoa cha kidevuni, hakuwa Dada Karatasi tena. Alikuwa Mama Nuru, na Mama Nuru hatoki hata kwenda bombani bila kujitanda. Ungemchora mwilini gauni la heshima la rangi moja, sare na baibui vingekaa juu yake vizuri sana, na karatasi ile hata ingebandikwa mnara wa simu isingemdhalilisha mtu.

Kassimu naye ana lake. Kazi ya mteja haibandikwi bila kumuuliza mteja, mwambie hivyo kwa upole, amekosa kwa kupenda kazi yako. Ila wewe ndiye uliyeiacha kazi nusu: umemwacha mwanamke dukani na nguo zake zinasubiri basi la Dar.

Sasa kosa kubwa. Si mchoro. Ni lile neno uliloingia nalo mlangoni.

Nyie mliozaliwa majuzi mnadhani utani ni ruhusa ya kusema chochote. Sivyo. Babu zenu na babu zake walipigana, wakauana, na walipochoka wakatafuta namna ya kukaa pamoja bila kusahau na bila kuendelea kupigana. Namna hiyo ndiyo utani. Mmoja anasema, mwenzake anajibu, na kila mtu anajua zamu yake itafika. Yeye alikuita mateka, wewe ukamwita mzigo uliosahauliwa, mkala muhogo. Sasa niambie, pale kwenye kioo zamu yake ilikuwa wapi? Wapita njia walimwona, na yeye hakuwapo kujibu. Halafu ukaenda kwake ukasema "utani tu", yaani ukamtaka acheke kabla hajapewa nafasi ya kukasirika. Mwanangu, hapo ndipo ulipomuumiza. Alikuwa na haki ya kukukaripia kama rafiki, ukamziba mdomo kwa jina la utani. Ndiyo maana akakuita jirani.

Na ule ujumbe wa simu! Mwenzako anataka kusikia "nimekukosea", wewe unamfundisha uchoraji. Amekujibu "Sawa" kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Mimi nisingejibu.

Ukurasa wa pili usithubutu kuupeleka kwenye kile kioo. Waliomsahau watakumbuka, na ambao hawakumwona watauliza kulikuwa na nini.

Fanya hivi. Nunua wino wako mwenyewe. Kaa kwenye kompyuta ujichore wewe, na ujichore kwa haki, tumbo lako lilivyo, miguu yako ilivyo, nywele zako zilivyo ukiamka. Jivalishe shimizi, lesi weka ukipenda. Usichore nguo hata moja. Printi karatasi moja tu, nyumbani kwako.

Kisha nenda kwa Mama Nuru mchana, wakati yuko na Nuru na dada zake wanachagua mchele. Usisubiri awe peke yake. Aliaibika mbele za watu, basi umwombe radhi mbele za watu. Vua viatu, kaa chini, usicheke. Sema, "Mama Nuru, nimekukosea. Nilikuchora bila kukuomba, na nilipokuja nikacheka." Neno utani lisitoke mdomoni mwako. Mpe Nuru ile flashi, waje kwako baadaye afute mwenyewe kwenye kompyuta yako, na ile picha iliyomo ndani ya kompyuta aifute pia, mama yake akiangalia. Mume wako naye avae shati safi aende kwa mzee Hassani, wazungumze kiume, na ile karatasi ya plastiki irudi mikononi mwa Mama Nuru. Aichome, aifiche au aifunikie chungu, ni yake, msimuulize.

Ukishamaliza kuomba radhi, toa karatasi yako uliyojichora, weka mbele yake, pembeni uweke karatasi nyeupe, penseli za rangi na mkasi. Mwambie, "Huyu mateka wako, hana nguo hata moja. Mvalishe unavyotaka." Halafu nyamaza. Najua kunyamaza kwako ni kazi, nimesoma barua yako. Nyamaza hivyo hivyo.

Huenda akainuka akaingia ndani, na utarudi nyumbani bila kitu. Siku ya harusi nenda na kitenge chako cha kawaida, na kisu chako, ukae kwenye vitunguu. Mama wa bibi harusi hamfukuzi mtu anayemenya vitunguu, na machozi yako hayatakuwa na haja ya kuelezwa.

Lakini mimi nadhani atachukua mkasi. Mtu aliyekasirika kabisa angekutukana, huyu aliendelea kumenya muhogo ili usimwone macho. Amekusubiri umpe zamu yake, na wewe umekuwa ukimpelekea maelezo. Mpe zamu. Dada zake watakusanyika, watakucheka tumbo, nawe utatulia ucheke wao wakishacheka. Akikukatia gunia, mshukuru. Akikukatia kofia ya askari mgambo na viatu viwili vya mguu mmoja, mshukuru tena. Na akikukatia nguo ya kijani yenye maua meupe, usiulize maswali, chukua doti yako uende kwa fundi, maana siku zimebaki chache.