Swali la Saba

Geita Mjini,
4 Novemba 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, wewe na Mama, na kwamba lile goti linakuruhusu kufika zizini bila kushika ukuta. Mimi mwili ni mzima, nakula na natembea. Ukitaka habari za moyo, soma hadi mwisho.

Najua utasema mbona sikupiga simu. Simu ungeiweka sauti kubwa mbele ya watu kama kawaida yako, na kikishasemwa kimepita. Mimi nataka karatasi yenye sahihi. Kesho nampa Coletha, yule mama wa mchele wa Tinde anayeleta mzigo huku kila Jumanne. Amekubali kukukabidhi wewe mwenyewe mkononi.

Baba, kazi yangu unaijua kwa juu juu. Watu wakikuuliza unasema Limi anahesabu miti. Wa miti ni wenzangu. Mimi nahesabu watu: nani anakata kuni wapi, nani analisha lini, nani anakubali na nani anakataa. Kazi hii sikupewa na mjomba. Sosholojia nimeisoma huku nikikaanga vitumbua nje ya bweni kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na shirika hili nimelitumikia miaka sita kwa mikataba ya miezi sita sita. Hiyo ni mikataba kumi na miwili. Wakaja vijana wawili kutoka Dar, hawajui ngitili ni kitu cha kuliwa au cha kuvaliwa, wakapewa ajira ya kudumu kabla mwaka haujaisha. Hilo sikulisahau.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na sherehe hotelini hapa Geita. Meneja wetu, Bwana Marcel, alialika wakubwa wa kampuni moja ya uchimbaji. Hao wamekata msitu kwa ajili ya shimo lao, sasa wanatakiwa waoneshe msitu mwingine uliotunzwa badala yake. Msitu huo mwingine, Baba, ni ngitili yenu, malisho yenu ya akiba. Ukutani kulikuwa na bango la mita tatu lenye picha yako, ile niliyokupiga umeshika kofia, na chini yake maneno: Jamii Imeridhia. Watu walikula mishikaki chini ya kidevu chako. Mmoja alitundika koti lake kwenye kona ya bango, likakufunika jicho.

Wageni hao walikuwa wamesomewa mkataba mtakaoletewa Jumamosi hii mtie dole gumba. Ekari mia nne na kumi na mbili, miaka thelathini. Ng'ombe haingii, si masika si kiangazi. Kuni hakuna, kuchimba mizizi ya dawa hakuna. Na uhalali wake ni huu: kaya 198 zilihojiwa, 187 zimeridhia, asilimia tisini na nne. Wakapiga makofi. Hesabu hiyo niliipiga mimi, na ukiigawa upya utapata hiyo hiyo. Kilichooza ni swali.

Ni lile swali la saba. Kwenye fomu limeandikwa: Je, unakubali eneo la malisho lihifadhiwe? Mimi kwa Kisukuma niliwauliza hivi: mnakubali kufunga ngitili? Sasa nani atakataa? Mzee Amosi alinicheka mbele ya wajukuu wake. "Wewe mayu, umesoma mpaka umesahau kwenu. Niulize basi kama nafunga suruali." Akasema ndiyo, na wenzake wakasema ndiyo. Kwetu ngitili inafungwa mvua zikianza ili ifunguliwe kiangazi kikikaza. Hakuna anayetaja kufungua, kama vile anayefunga mlango jioni hatangazi kwamba asubuhi atatoka. Mkataba huu unafunga tu, kufungua hakumo. Wale ng'ombe mia sita na arobaini waliokula humo wiki tisa mwaka huu, mwakani watakula nini?

Kesho yake asubuhi nilimfuata Bwana Marcel kwake nikamweleza. Alinisikiliza akikoroga chai, akaniuliza kama nimechoka, akasema likizo yangu anaweza kuisaini hata siku hiyo. Nilipokazana akaweka kijiko chini.

"Dada Limi, wewe ndiye uliyeuliza. Mimi Kisukuma sijui."

Alisema kweli. Hicho ndicho kinachonitia kinyaa kuliko koti na mishikaki yao.

Sasa Baba, kama umesimama, kaa chini. Sikukosea neno. Mwezi wa pili, kabla sijaja kwetu, nililijaribu swali hilo kwa kaya ishirini za kijiji cha jirani, nikaeleza kila kitu: miaka thelathini, hakuna kufungua. Kaya kumi na saba zilikataa, na mama mmoja alinifukuza na mwiko. Bwana Marcel akasema swali ni gumu, nitafute neno jepesi ambalo wenyeji wamelizoea. Akaongeza kwamba mradi ukipita kutakuwa na nafasi moja ya kudumu. Hakuniambia nidanganye. Neno nililitafuta mwenyewe nikiwa kwenye basi, na kabla ya kufika Bulyanhulu nilikuwa nimeshalipata.

Na kaya namba moja ni yako. Nilikuambia naanza kwako kwa heshima, lakini haikuwa heshima. Nilijua kila nyumba nitakayoingia wataniuliza kwanza Ngassa amesemaje, na kweli waliniuliza, nami nikawajibu. Ajira ya kudumu nimeipata mwezi wa sita. Leo asubuhi nimeirudisha ile barua ya ajira mezani kwa Bwana Marcel, lakini hilo halizuii Jumamosi kufika.

Ndani ya bahasha zimo zile fomu ishirini za kijiji cha jirani, ambazo Bwana Marcel alitaka nizichane. Kwenye dagashida, mkutano ukishakaa na kabla mtu hajapaka wino kidoleni, simama useme una barua, uisome kwa Kisukuma yote. Usiruke aya ya kaya namba moja kwa kunionea huruma. Ukiiruka na wakaja kuijua baadaye, watasema nawe ulijua. Kisha watu waulizwe upya, na safari hii neno kufungua litajwe.

Mimi sitakuja. Nikija utanitetea, na mkutano utageuka kuwa wa Limi badala ya kuwa wa ngitili. Wakiamua nitengwe, nisisalimiwe wala kupewa moto katika nyumba yoyote, kubali. Sheria hiyo umewahi kuisimamia kwa watoto wa wengine.

Msalimie sana Mama. Msalimie dada Ritha na wanawe, Mzee Amosi na wajukuu zake, na majirani wote mpaka kule kisimani. Salamu hizi zifikishe kabla ya Jumamosi, nyumba kwa nyumba kama goti litakubali, maana baada ya mkutano huenda zisiwe na wa kuzipokea.

Ni mimi binti yako,

Limi Ngassa