Matembele na Sindano

Jumanne, 2 Aprili 1974, Masanze

Nimechuma matembele umande haujakauka. Kapu zima, la kumlisha Zaina, binti yangu. Kajifungua juzi hapa hapa nyumbani. Mvulana. Ukungu ulishuka toka mlimani, nikawa nachuma huku nasinzia kwa furaha, sijui niko shamba letu la zamani au hapa kijiji cha ujamaa. Mwalimu wa kisomo alituambia tuandike kila siku. Basi naandika.

Alhamisi, 4 Aprili

Kaja nesi wa zahanati, Agnesi, binti wa milimani. Kaniamkia vizuri. Anataka mtoto apelekwe akachomwe sindano ya vitamini K. Eti ndiyo inayogandisha damu, na vichanga huzaliwa nayo kidogo mno. Nikauliza inapatikana wapi. Kwenye mboga za majani, anasema. Nilicheka! Zaina anakula kapu zima kwa siku. Akasema kwenye maziwa inapita kidogo tu, haimtoshi mtoto.

Nikamwambia, "Mwanangu, nimelea saba. Kwetu mtoto hatoki nje kitovu hakijadondoka."

Akaondoka. Zaina alitaka kwenda. Nilimwona.

Ijumaa, 5 Aprili

Kitovu kinavuja damu. Kidogo, kama uzi. Nimeongeza matembele, nikatia na kisamvu. Zaina anakula huku analia.

Mvua mchana kutwa. Nilipitiwa na usingizi, nikaota natembea kwenye matembele, marefu kunipita, kila jani jekundu. Nimeamka kitambaa cha mtoto kimelowa. Nikajiambia ni mkojo. Si mkojo. Naogopa.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimemtoa nje mtoto, mimi mwenyewe. Asubuhi, mbele ya watu wote, kitovu kingali pale. Majirani waliguna. Na wagune! Nikamkimbiza zahanati. Nyumba zile zilizopangwa mstari zilipita pembeni kama zinaelea.

Agnesi hakunisuta. Afadhali angenisuta. Alimchoma pajani, akakandamiza kitambaa kitovuni. Midomo ya mtoto ilikuwa myeupe. Nikaahidi kila kitu, sijui nilimwahidi nani. Adhuhuri kitambaa kikabaki kikavu. Landrova ya Bwana Shamba ikatupeleka hospitali Kilosa, wamtazame.

Ujinga wangu ulitaka kumuua mjukuu wangu. Zaina hanitazami.

Jumatano, 10 Aprili

Tumerudi jana. Mtoto ananyonya, anapiga teke. Kitovu kimedondoka asubuhi, nimekifukia kwenye mgomba.

Agnesi kapita. "Shikamoo, mama." Marahaba nikaitika kwa aibu. Nilitaka kumwamkia mimi.

Mke wa jirani kajifungua. Mama mkwe wake anasema mtoto hatoki. Kesho nitakwenda na Agnesi, niseme mimi.

Jioni Zaina kanipakatisha mtoto. Akalala.

Nimechuma matembele leo. Machache, ya kulia ugali tu.