Jina la Baba Yangu Ulilompa Muuaji

Baba Orwa,

Nimeona sinema yako ya kwanza. Nilimwachia jirani mtoto nikaenda kukaa mbele kabisa pale kwa kibanda cha video, hapa mtaani Manyatta, maana moyo ulikuwa unakushangilia. Kumbe.

Wauaji wa kukodiwa, suti nyeupe, miwani nyeusi hata ndani ya nyumba. Wanaua mtu halafu wanawasha sigara polepole kama watu wanaongojea chai. Vijana walipiga miluzi. Na mimi nilikubali umejua kushika kamera, si kama zile harusi za kule kijijini Kisian ulizokuwa ukiwakata watu vichwa kwa picha. Halafu yule mbaya kuliko wote akaulizwa yeye ni nani. Akavua miwani, akasema, "Naitwa Orwa."

Ulikuwepo, wewe, siku ile ya kumpa mtoto jina. Mtoto wetu alilia tangu asubuhi, akakataa titi, mama yangu akaanza kumwitia majina ya wafu wetu, moja moja, tujue nani anataka kurudi. La nyanya, akalia. La mjomba, akazidisha. Ukacheka ukasema huyu anachagua kama bibi harusi. Mama akafika kwa marehemu baba yangu: Orwa. Mtoto akanyamaza, akanishika kidole. Wewe ndiye ulimwinua ukamwambia, "Karibu nyumbani, mzee."

Na mzee ulimjua. Mtu wa kushona nyavu. Mgeni akija, alimwita jirani achinje kuku, yeye akaenda nyuma ya nyumba kujifanya anatafuta kuni. Huyo ndiye umempa bastola.

Nilipokupigia simu huko Nairobi kutoka dukani, ulikuwa na haraka. "Ni jina tu, mama. Linasikika vizuri."

Jina tu. Sasa watoto wa hapa wakimwona mwanao wanaanguka chini wanajifanya wamekufa, eti Orwa usituue. Mwanzo alicheka nao. Siku hizi nikimwita haitiki. Anasema yeye si Orwa, nimtafutie lingine. Kwa hilo nakuchukia, na sitatafuta neno tamu la kulifunika.

Juzi alirudi akilia tena. Nikamkalisha kwa paja, nikamwambia habari ya babu yake na kuku. Akauliza kama kuku alipona. Nikasema hapana, jirani hakuwa na huruma. Akacheka mpaka kamasi zikatoka. Ndipo nikamwita Orwa, polepole, vile mama alivyofanya siku ile. Akanyamaza. Akaitika.

Kwa hivyo bado kuna njia. Njoo, usimame pale kwa kibanda kabla hawajawasha video, uwaambie hao watoto Orwa alikuwa nani. Miwani yako iache Nairobi. Usipokuja nitawaambia mwenyewe, na wataelewa, ni watoto tu.

Lakini ujue kitu kimoja. Hapa mtaani hakuna anayekujua kwa lile jina lako lililoandikwa kwa sinema. Wote wanakuita Baba Orwa. Usipokuja, nitawaomba waache.

Ni mimi niliyebaki nalo,
Mama Orwa