Muhuri Nyuma ya Picha

Woolwich, London
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumai sasa unaweza kukaa chini ukachambua mchele bila kumwita mtu akuinue. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu. Kazi ya kulinda vyumba vya makumbusho ni kusimama tu, na baridi ya huku inapanda kutoka sakafuni hata ukivaa soksi mbili. Barua hii nimempa jirani yangu Mama Zuhura, anayekuja Morogoro kumwona mgonjwa wake, akukabidhi mkononi. Simu nimeikwepa makusudi, kwa sababu ujumbe wako wote anakusomea kaka Kassimu, na haya nataka uyasome mwenyewe kwa miwani yako.

Chumba ninacholinda kina picha ya mwanamke iliyochorwa Italia kama miaka mia tano iliyopita. Amevaa gauni jeusi la mahameli na lulu shingoni, anatazama pembeni kama mtu anayesubiri kuambiwa inatosha, inuka. Kibao chake kilisema ni mke wa mtawala fulani, na mchoraji ni bingwa ambaye watu hupanga foleni kuona kazi zake. Mwaka huu wataalamu wakaanza kuwa na shaka. Waliipiga eksirei, wakaona mkono uliochora uso ule si wa bingwa. Halafu likaja swali la pili, huyo mama mwenyewe ni nani hasa.

Mkuu wao anaitwa Bi Margaret, mtu mzima, mpole, hupita akitusalimu walinzi mmoja mmoja. Asubuhi moja kabla ya milango kufunguliwa alikuja na wenzake wawili, akawaonyesha nakala ya picha nyingine iliyoko nchi nyingine. Mwanamke mwingine, sura nyingine, ila gauni lile lile na lulu zile zile. Wenzake wakasema basi hawa ni ndugu, wamerithishana. Sisi walinzi hatutakiwi kuchangia, lakini unaujua mdomo wangu.

Nikasema, "Hilo gauni si lake. Ni la studio."

Wakageuka wote watatu. Ikabidi niwaeleze lile koti la kijivu la studio ya picha ya baba, lililoning'inia kwenye msumari nyuma ya pazia, walilovaa walimu, makonda na wakulima waliokuja mjini kuuza kabichi. Likiwa kubwa ulilibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, na mbele mtu akatoka karani wa benki. Nikawaambia mgeni akiziona picha za studio yetu leo ataapa kuwa nusu ya Morogoro ni ukoo mmoja. Kisha nikawaonyesha kola ya yule mwanamke inavyoachana na shingo, na mikono ya gauni inavyomfunika mpaka vidole. Aliyekatiwa nguo ile alikuwa na mwili mkubwa kuliko yeye. Bi Margaret alitazama kwa muda mrefu, akaandika kwenye daftari lake. Akaniuliza, "Na picha zote alipiga baba yako mwenyewe?"

Nikajibu ndiyo.

Nilijibu upesi, vile tulivyozoea kujibu nyumbani. Tangu siku hiyo naona aibu. Nakumbuka vizuri kwamba akina mama wa mtaani hawakutaka kukaa kichwa wazi mbele ya mwanamume, na maharusi vilevile, kwa hiyo baba alitoka kwenda kunywa kahawa na wewe ukashika kamera. Macho yake yalipoanza kumsumbua ulipiga wateja wote. Jioni yeye akagonga muhuri wake nyuma ya kila picha, zake na zako. Sisemi alikuibia. Studio ilikuwa na muhuri mmoja, na hakuna aliyewaza kuchonga wa pili, hata wewe.

Sasa Kassimu anasema watu wa jumba la utamaduni wanakuja mwisho wa mwezi kuchukua masanduku ya picha za studio, watengeneze maonyesho na kitabu, vyote kwa jina la baba. Nilipomwuliza za mama je, akasema umemwambia ayaache yalivyo. Mama, huku nimeona yanavyokuwa yakiachwa yalivyo. Watu wenye elimu na mitambo yao wanaizunguka picha moja, hawajui aliyeketi wala aliyechora, na siku ilipochorwa wote wawili walikuwa chumbani wakiitana kwa majina. Kibao kimebadilishwa wiki iliyopita. Sasa kinasema ni mwanamke asiyejulikana, aliyechorwa na mmoja wa wanafunzi wa bingwa, na kwamba gauni huenda lilikuwa mali ya karakana ya wachoraji. Walinzi wenzangu walinipongeza kwa hilo la gauni. Mimi nilisoma neno asiyejulikana nikataka kulia.

Wewe upo, na unajua. Nakuomba, kabla masanduku hayajatoka, chukua penseli laini uandike nyuma ya kila picha yako nani aliketi, na kwamba ulipiga wewe. Hazitakupotea, hata mimi nazitambua. Wateja wa baba wanaikodolea kamera kama wameitwa polisi. Wa kwako wameshusha mabega, kwa sababu uliwauliza habari za watoto wao mpaka wakasahau wamekuja kufanya nini. Kassimu akinuna, mwambie ni maneno yangu, anipigie mimi.

Nisalimie shangazi, umwambie kitenge chake anacho Mama Zuhura. Msalimie pia mke wa Kassimu na mwalimu wangu wa chuoni, kama bado ananikumbuka kwa utundu.

Kama zote zitakuchosha, andika moja tu. Ile ya sebuleni, juu ya redio, baba akiwa amevaa lile koti la kijivu. Ninayo nakala yake hapa mezani, nimeigeuza sasa hivi. Muhuri wa baba upo, imepigwa na A. Salehe. Nimeigeuza tena mbele. Baba ameshusha mabega, mama, anakaribia kucheka.

Mwanao,
Rehema